Masikio yakirekebishwa yasionekane yamerekebishwa: niliyojifunza mimi msusi wa Mwanjelwa

Mi ni msusi, nina saluni Mwanjelwa hapa Mbeya, huu mwaka wa 11 sasa, na kazi ya msusi si unajua, kutwa nzima umesimama nyuma ya kichwa cha mtu, kwa hiyo masikio nimeyaona ya kila aina, makubwa, madogo, yaliyosimama, yaliyolala, yenye ndewe nene, ile nyama laini ya chini ya sikio, na yasiyo na ndewe kabisa. Nayasema haya mapema ili ujue sizungumzi kama daktari, nazungumza kama mtu anayeyaona masikio kwa karibu alafu pia kama mama, maana mwanangu wa kike alifanyiwa oparesheni ya kurudisha nyuma masikio yaliyosimama akiwa na miaka 9, na kabla ya hapo tulihangaika karibu mwaka mzima kuuliza, kusoma, kukataa, kukubali. Watu wakijua wananitafuta inbox na saluni wananiuliza, mama nanihii ulifanyaje mbona hayaonekani kama yamefanyiwa kitu. Basi naandika yote hapa mara moja.

Kilichonifanya nianze kulifuatilia ni nywele. Shule anayosoma wanaruhusu kusuka, na kila Jumamosi nikimuuliza leo tunasuka nini, jibu ni lile lile, mama nisuke zishuke pembeni. Hata siku moja hakutaka twende kilioni kama wenzake, ule msuko wa mistari inayoenda moja kwa moja nyuma masikio yakabaki nje. Mi nikadhani ni mtindo tu anaupenda, mpaka siku dada yake akaniambia kule shule wanamwita Dishi. Mtoto hakuwahi kuniambia. Siku hiyo nilimkalisha kwenye kiti cha saluni nikamuuliza polepole, akalia, akasema anataka masikio yake yarudi nyuma kidogo. Hilo neno “kidogo” lilitoka kwake mwenyewe na nawaambia ukweli ndio neno la maana kuliko yote katika hii habari.

Kwa sababu gani? Kuna mteja wangu mmoja, dada mtu mzima tu, alifanyiwa masikio mahali fulani miaka ya nyuma, alienda akawaambia anataka yasionekane kabisa, nao wakamfanyia hivyo hivyo alivyosema. Ukimwangalia kwa mbele huoni ukingo wa sikio, yani kama vile yamegandishwa na gundi kwenye fuvu. Nikimsuka nikitaka kupitisha kidole nyuma ya sikio nipake mafuta hakipiti, pale nyuma pamefungwa. Miwani yake haina pa kukaa, inateleza, anaishika na kamba, na kipindi kile cha barakoa alikuwa anafunga mipira kisogoni. Kila anayemwona anajua kuna kitu kimefanyika ila hawezi kusema ni nini. Watu wengi wanaogopa oparesheni isipofanya kazi, masikio yarudi kusimama, lakini mi nikiwa nyuma ya kiti naona kibaya zaidi ni ile iliyofanya kazi kupita kiasi, maana lililobaki mbele kidogo linaweza kurudishwa tena ila lililobanwa sana kulifungua ni shughuli pevu.

Sasa sikio la kawaida likoje. Chukua kioo uangalie la kwako. Ukijitazama kwa mbele unatakiwa uone ule ukingo wa nje wa sikio umetokeza kidogo kupita ule mkunjo wa ndani, yani unaona mistari miwili, wa nje na wa ndani, na wa nje ndio uko mbali zaidi na kichwa. Sikio lililobanwa sana linakuwa kinyume, mkunjo wa ndani ndio unatangulia na ukingo umejificha nyuma yake, hapo ndipo macho ya watu yanashtuka. Ukiliangalia kwa pembeni ukingo unashuka mstari mmoja laini, hauna kona wala kijiti kimesimama. Ukiangalia kwa nyuma ndio kuna utamu, sikio la kawaida halipandi sambamba na kichwa, juu liko karibu zaidi na chini liko mbali zaidi. Dokta aliyemfanyia mwanangu alitoa rula ndogo ya plastiki akaiweka nyuma ya sikio akapima sehemu tatu, akatuambia vipimo wanavyovifuata viliandikwa tangu 1968 na daktari wa Marekani anaitwa McDowell, kwamba kutoka kichwani mpaka ukingo wa sikio, juu iwe kama milimita 10 hadi 12, katikati 16 hadi 18, chini 20 hadi 22, na tofauti kati ya kulia na kushoto isizidi milimita 3. La mwanangu la kulia lilikuwa 24 katikati. Nikampima yeye mwenyewe dokta kwa macho tu, nikaona ni kweli, lake linafunguka hivyo hivyo kwenda chini.

Hiyo ya milimita 3 ishike sana. Hakuna binadamu ana masikio mawili sawasawa, mi nawaambia nimeyaona maelfu, la huku liko juu nukta, la kule limelala nukta. Ukienda na mawazo kwamba yatoke kama yamepigwa chapa moja utaumia bure, na daktari anayekuahidi hivyo mtilie shaka.

Jambo linalofuata ni kujua la kwako limesimama kwa sababu gani, maana watu tunasema tu “masikio yamesimama” kumbe sababu ziko tofauti na kila moja ina dawa yake. Wengine ule mkunjo wa ndani haukujikunja tangu tumboni, sikio limebaki wazi kama jani la mgomba changa. Unaweza kujipima, weka kidole nyuma ya sikio la mtoto lisukume polepole kuelekea kichwani, ukiona mkunjo unajitengeneza na sikio linakaa vizuri basi shida iko hapo. Wengine mkunjo upo vizuri ila lile bakuli la katikati, pale karibu na tundu, limechimbika sana na kuta zake ndefu, hivyo linalisukuma sikio lote nje. Wengine ni ndewe tu imechomoza. Na wengi, kama mwanangu, wanacho hiki na kile kwa pamoja, na mara nyingi sikio moja lina zaidi ya lingine.

Hii ndio sababu ukimkuta daktari anakwambia “tunabana tu hapa nyuma kwa uzi basi” bila kukuonyesha ni kipi kimesababisha, ujue hajaangalia. Kwa mkunjo uliokosekana kuna njia ya nyuzi zinazopitishwa kwa nyuma kwenye gegedu, ule mfupa laini wa sikio, alafu zikivutwa mkunjo unajitokeza, hiyo inaitwa njia ya Mustardé, daktari wa Uskoti aliyeiandika 1963. Kwa bakuli lililochimbika kuna nyuzi nyingine zinazovuta bakuli lenyewe nyuma kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, njia ya Furnas wa Marekani, au wanapunguza gegedu kidogo. Ndewe inashughulikiwa peke yake. Sasa mtu akivuta katikati tu, juu na chini vikabaki vimetokeza, sikio linatoka na umbo la mkono wa simu ya mezani zile za zamani, na kweli madaktari wenyewe wanaliita sikio la simu. Akivuta juu na chini akasahau katikati inakuwa kinyume chake. Kwa hiyo ukiwa unaongea na daktari usimwambie tu rudisha masikio, muulize utarudisha wapi, juu, katikati au chini, na kiasi gani kila sehemu.

Kuhusu kumpata huyo daktari. Sisi tulianzia hapa hapa mjini, sehemu moja ya binafsi ambayo sitaitaja, tukaingia, mtu akamwangalia mwanangu kwa mbele tu akiwa amekaa ng'ambo ya meza, hakumshika, hakupima, akasema ni dakika 40 mje na hela kesho. Nikamuuliza umeshafanya wangapi, akacheka. Nikamuuliza naweza kuona picha za uliowafanyia, akasema kila mgonjwa na siri yake. Siri ni kweli, lakini daktari anayefanya kazi hiyo mara kwa mara huwa anazo picha za watu waliokubali kuonyeshwa, macho yamefichwa. Nikamshika mwanangu mkono tukaondoka, na mpaka leo nashukuru.

Unayemtafuta ni daktari bingwa wa upasuaji rekebishi au bingwa wa masikio, pua na koo aliyezoea kazi ya masikio kwa nje, sio wa kusikia peke yake. Kwa huku Nyanda za Juu Kusini anza kwa kuonana na daktari wa masikio pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, atakuangalia, atakwambia kama wanalifanya au anakupa barua ya kwenda mbele. Mabingwa wa upasuaji rekebishi Tanzania ni wachache na wengi wako Dar es Salaam, ndio hali halisi. Jina la daktari uliyempata liulizie Baraza la Madaktari Tanganyika kama amesajiliwa na kama ni bingwa wa hicho anachosema, usione aibu, ni haki yako. Omba picha za kabla na baada, na picha za baada uziombe za kwa mbele, pembeni NA NYUMA, maana picha ya mbele peke yake inadanganya. Omba na za miezi sita au mwaka baada ya oparesheni, sio za wiki ya pili. Tena ziwe na watu weusi ndani, nitaeleza kwa nini sasa hivi. Hela ulizia kwa mchanganuo, theatre, dawa za usingizi, kulala, dawa, kutoa nyuzi, na ikitokea wamerudia nani analipa, maana bima nyingi kitu kikiitwa cha urembo hazikigusi.

Keloidi, yani kovu linaloota kinundu likavuka mpaka wa kidonda. Hapa naomba mnisikilize wazazi wenzangu. Sisi watu wa ngozi nyeusi keloidi zinatupata zaidi, na sikio ni moja ya sehemu zinazozipenda sana. Mi mwenyewe hapa saluni nimeshaona dada katobolewa sikio mara ya pili juu pale kwenye gegedu, baada ya miezi pakaota kinundu kama punje ya maharage kikawa kama zabibu, akaenda kukikata mahali wakamkata tu bila kitu kingine, kikarudi kikubwa kuliko cha kwanza. Keloidi ikikatwa peke yake bila sindano wala matibabu mengine nyingi zinarudi. Kwa hiyo kabla hujafikiria umbo la sikio fikiria kovu. Jikague wewe, kagua mama, baba, shangazi, kuna mtu ana kovu lililovimba likavuka mpaka wa kidonda, kifuani, begani, sikioni, pale pa chanjo? Kama lipo mwambie daktari waziwazi, usifiche eti atakataa. Pengine atasema bora usifanye, pengine atafanya ila kwa mpango, mshono usivutwe kwa nguvu, sindano za steroidi kuchomwa kwenye kovu mapema likianza kukakamaa, bamba za silikoni, na kukuona kila mwezi. Umri wa kuanzia miaka 10 hadi 30 ndio keloidi zinachachamaa zaidi, ndio sababu nyingine sisi hatukutaka kusubiri mpaka awe sekondari.

Umri wenyewe. Sikio la mtoto linakua haraka sana, akifika miaka 5 au 6 limeshakaribia ukubwa wa mtu mzima, kwa hiyo kuanzia hapo linaweza kufanyiwa. Lakini kukaribia ukubwa sio sababu ya kufanya. Kama mtoto hasumbuki muache na masikio yake, bibi yake wa Tukuyu alikuwa anasema mwenye masikio hayo atasikia mashauri ya wakubwa, na wapo wengi wanayabeba vizuri maisha yao yote. Subiri aseme yeye. Mtoto aliyelazimishwa atatoa bandeji usiku, atakataa kufunga kitambaa, na kazi yote inaharibika. Na kwa wenye vichanga, hii natamani ningeijua mapema, mtoto akizaliwa gegedu lake bado laini sana kwa sababu ya homoni za mama, na wiki mbili tatu za mwanzo sikio linaweza kunyooshwa kwa vifaa maalum vinavyofungwa bila kisu kabisa. Baada ya wiki sita hivi linaanza kuwa gumu na njia hiyo inakosa nguvu. Kwa hiyo ukiona la mwanao limekunjika vibaya usisubiri arobaini, waulize siku za kliniki za mwanzo. Ila usijifungie mwenyewe nyumbani na plasta na vitambaa, ngozi ya kichanga inachubuka, na kumbandika mtoto wa miaka minne plasta usiku haisaidii chochote, sikio limeshakomaa.

Kabla ya siku yenyewe mweleze daktari kila dawa, aspirini, dawa za maumivu kama ibuprofeni, na za mitishamba pia, maana nyingine zinafanya damu isigande upesi na damu ikivuja sikioni ni balaa nitakayoieleza. Mwambie kama kuna sikoseli kwenye familia. Anayevuta sigara aache wiki kadhaa kabla na baada, ngozi ya nyuma ya sikio ni nyembamba inahitaji damu. Fumua nywele zote, osha na shampuu siku moja kabla, usipake mafuta, na tafadhali usije umesuka rasta mpya za kubana ukategemea utabaki nazo. Piga picha zako kabla, mbele, pembeni, nyuma, kwenye mwanga wa dirisha, zitakusaidia baadaye ukianza kusahau ulitokea wapi. Watoto wengi wanafanyiwa kwa nusu kaputi, watu wazima mara nyingi ganzi tu inatosha, kwa wa nusu kaputi masharti ya kutokula ni kufuata kama alivyosema daktari wa usingizi, hata kaandazi kamoja hapana. Wa kwetu aliingia asubuhi, akakaa kama masaa mawili.

Alitoka kichwa chote kimezungushiwa bandeji kama kilemba. Usiku wa kwanza na wa pili ndio wa kukesha, na kitu cha kuangalia ni maumivu. Maumivu ya kawaida yapo masikio yote mawili, yanatulia kwa dawa. Ila sikio MOJA likianza kuuma zaidi ya lingine, linazidi badala ya kupungua, dawa haigusi, hapo usingoje asubuhi, rudi hospitali bandeji ifunguliwe. Inawezekana damu imejikusanya kati ya ngozi na gegedu. Gegedu halina mishipa yake ya damu, linalishwa na ngozi iliyolifunika, kwa hiyo damu au usaha ukikaa katikati linakosa chakula, linakufa na kujikunyata, na sikio lililojikunyata hakuna atakayelirudisha likawa la asili. Siku zinazofuata angalia maambukizi. Vitabu vinasema angalia wekundu, kwa ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, sisi tuangalie joto ukigusa, uvimbe unaong'aa, kupwita, harufu, majimaji kwenye bandeji, homa.

Kwa sisi tunaotoka mikoani kuna jambo la safari. Kutoka Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, basi linakula siku nzima, mtoto atalala, kichwa kitaanguka kwenye kioo, tuta likija sikio linagonga. Sisi tulikaa kwa dada yangu Mbagala mpaka bandeji ikatolewa na daktari akaangalia, ndio tukapanda gari, nikamkalisha kiti cha ndani sio dirishani na mto ule wa shingoni. Ukipanga bajeti weka na hizo siku za kukaa, usiweke oparesheni tu.

Alafu huku kwetu baridi. Sisi tulirudi mwezi wa 6 na mnajua mwezi wa 6 wa Mbeya, asubuhi ukiongea mvuke unatoka, na Makete na Njombe ndio usiseme. Sikio lililofanyiwa linasikia baridi kuliko kawaida kwa miezi, linauma, kwa hiyo lazima lifunikwe, lakini namna ya kufunika ndio inaharibu watu. Mzura, ile kofia ya sufi, unavaliwa kwa kuvuta kushuka, na ukivuliwa unapeleka sikio mbele, sikio ambalo ndani yake kuna nyuzi zinashikilia mkunjo, ukivuta zinaweza kukata gegedu au kulegea. Nilimnunulia utepe mpana wa kichwani, ule wa kitambaa cha kunyumbulika, akawa anauvalisha kuanzia mbele kupeleka nyuma, unalaza sikio haulikunji. Usiku aliuvaa wiki sita kamili, huo ndio uliokuwa muda wa daktari wetu, wako atakupa wake. Usiubane sana, kidole kimoja kipite chini yake.

Sweta la shule nusura liniharibie kazi. Yale masweta ya kuvaa kwa kichwa, siku ya kwanza kurudi shule nimemvalisha nikaona shingo ya sweta imekamata sikio la kulia inalipeleka juu, mtoto kapiga kelele, nikaganda. Nilichukua mkasi nikalipasua sweta mbele katikati, nikalipeleka kwa fundi akaweka vifungo, nikaandika barua kwa mwalimu. Mwezi mzima nguo za kufungua mbele tu. Anayevaa hijabu ajifunge ile ya kuzungusha, sio ya kuchovya kichwa. Helmeti ya bodaboda usivae, maana yake na bodaboda yenyewe usipande mpaka uruhusiwe. Mpira na michezo ya kukamatana aache kwa wiki sita. Kwa watoto wa shule zinazonyoa, kovu liko kwenye mfereji nyuma ya sikio kwa hiyo hata kipara halionekani kirahisi, ila subirini kidonda kikauke vizuri na kinyozi atumie wembe mpya.

Kwenye saluni nako, hili mtaambiwa na msusi tu. Baada ya oparesheni sikio linakufa ganzi wiki nyingi, wengine miezi. Mteja mwenye ganzi ukimuweka kwenye drai, au ukachovya rasta kwenye maji ya moto zikagusa sikio, anaungua na hajui, anakuja kushtuka malengelenge. Mwambie msusi wako kabla hujakaa. Kusuka subiri kama miezi miwili, na zikisukwa zisivute ngozi ya kuzunguka sikio. Kulala ni chali au na mto uliobonyea katikati. Hereni vaa baadaye kabisa, nyepesi.

Mwonekano wa wiki za mwanzo usikutishe. Bandeji ilipotolewa mwanangu masikio yalikuwa yamevimba, yana alama za damu, na yamelala kichwani kuliko nilivyotaka, nikalia chooni nikakumbuka yule mteja wangu wa miwani. Dokta akanionyesha rula, akasema huwa yanabanwa kidogo zaidi kwa makusudi kwa sababu uvimbe ukiisha yanalegea milimita chache. Na kweli mwezi wa tatu yalikuwa yamefunguka, mfereji wa nyuma upo, kidole changu kinapita na mafuta. Usihukumu kabla ya miezi sita. Ila kama moja linarudi mbele kwa haraka, au uzi unachungulia kwenye ngozi kama mchanga mgumu, au kovu linaanza kuwasha na kupanda juu, piga simu usisubiri.

Niongeze na ndewe kwa kifupi maana nusu ya wanaoniuliza shida yao ndio hiyo, hereni nzito zimeshuka mpaka tundu likapasuka. Hiyo ni ganzi na nusu saa tu mara nyingi, ila ikishonwa mstari mmoja ulionyooka kovu linaweza kujivuta likaacha pengo chini kwenye ukingo, ndio linaloonekana kwa mbali. Muulize daktari atashonaje chini pale, wengi wanavunja mstari kwa mshono wa zigizaga. Ukitaka kutoboa tena subiri miezi kadhaa, na patobolewe pembeni ya kovu, sio juu yake. Na swali la keloidi ni lile lile.

Likizo ya mwezi wa 12 mwanangu alikaa kwenye kiti nikamuuliza kama kawaida leo tunasuka nini. Akasema twende kilioni. Nikasuka mistari 8 mpaka kisogoni, masikio yote nje, tukaenda kwa bibi Tukuyu. Bibi alimgeuza huku na kule, akamshika kichwa, akasema nywele umesukwa vizuri mjukuu wangu, ila mama yako kakubana sana hapa mbele.